Maisha ya Malthus, Pasta Aliyehesabu Watu na Mkate



Mu gazeti letu hili dogo tunapenda kueleza maisha ya watu wakubwa waliokufa zamani. Mara hii tumechagua mtu ambaye wengi wetu tulisikia jina lake mu somo la jiografia kwa dakika tano tu, kisha kengele ikalia. Ni Thomas Robert Malthus. Hakukuwa mfalme wala jemadari. Alikuwa pasta na mwalimu. Lakini mawazo yake yaliingia mu sheria za nchi mingi, na hata leo watu wakibishana kama dunia iko na watu mingi kupita chakula, wanabishania maneno ya pasta huyu, hata kama hawajui jina lake.

Kuko sababu ingine ya kumchagua. Sisi ni kapita wa wanafunzi. Kila jioni tunasimama ku mlango wa chumba cha kulia na tunahesabu vichwa na sahani. Kama bukari ilipikwa kwa watu mia na wakaingia mia na kumi, hesabu inakuwa matata, na ni sisi tunaoulizwa. Tena, nyumbani kwetu tuko watoto tisa. Mwaka ule minerval ilipokosekana, wazazi wetu walihesabu wao pia. Dada yetu anayetufuata aliacha masomo ili sisi tuendelee. Hatusemi hii kwa kulaumu wazazi, wao walikuwa na shida. Tunaisema sababu tulisoma maisha ya Malthus tukitafuta jibu la swali moja: wakati kilicho ku meza ni kidogo, nani anapashwa kuondoka?

1. MTOTO WA SITA

Malthus alizaliwa mu mwezi wa pili wa mwaka 1766, mu nyumba moja karibu na mji mdogo wa Dorking, kusini ya London, ku Uingereza. Jina lake la kwanza lilikuwa Thomas, lakini jamaa walimwita Robert. Baba yake, Daniel Malthus, alikuwa mtu wa mali kiasi, aliyependa vitabu na mazungumzo. Mtoto alikuwa na wiki chache tu wakati wageni wawili wakubwa walipofika kumtembelea baba yake: David Hume wa Scotland na Jean-Jacques Rousseau, mwandishi tunayemsoma mu somo la Kifaransa.

Wasomaji, mshike neno hili: mu jamaa yao walikuwa watoto saba, na Robert alikuwa wa sita. Yule aliyekuja kuonya watu juu ya kuzaa sana, yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa sita. Hatusemi hii kwa kumcheka. Ni kwa kukumbuka kwamba hesabu ya watoto inakuwaka rahisi wakati mtu hajihesabu ndani.

Alizaliwa na kasoro ya mdomo: mdomo wa juu na kaakaa vilikuwa vimepasuka. Wakati ule hapakuwa na upasuaji mzuri wa kutengeneza kasoro ile, na maisha yake yote usemi wake haukusikika vizuri. Mtu mwingine angechagua kazi ya kimya. Yeye alichagua kazi mbili za kusema mbele ya watu, kuhubiri na kufundisha. Wale wanafunzi wetu wanaoogopa kusimama mu ibada ya asubuhi kwa sababu ulimi ni mzito, wamkumbuke.

2. MASOMO NA KANISA DOGO

Alisoma kwanza nyumbani, kisha kwa walimu mbalimbali, na mmoja wa walimu wale alikuwa wa shule ya Warrington, shule ya Waprotestanti waliokataa kuwa chini ya kanisa la Serikali. Mu 1784 aliingia Jesus College, ku chuo kikubwa cha Cambridge. Huko alishika sana hesabu. Mu 1788, mu mtihani wa mwisho, alikuwa wa tisa kati ya wale wa daraja la kwanza mu hesabu. Kisha akawekewa mikono kuwa mhudumu wa kanisa la Anglikana, na mu 1793 koleji yake ikamfanya mmoja wa wenyeji wake, kazi iliyompa mshahara kidogo lakini ilikataza kuoa. Kama ungeoa, uliacha nafasi. Kwa hiyo Malthus alijua yeye mwenyewe ginsi mtu anavyongojea ndoa kwa sababu ya mkate.

Alihudumia kanisa dogo la Okewood, mu pori la Surrey, si mbali na nyumba ya baba yake. Watu wa pale walikuwa masikini sana. Chakula chao kilikuwa hasa mkate. Pasta kijana aliona mambo ambayo wenye kuandika vitabu ku London hawakuyaona. Aliandika baadaye kwamba watoto wa vibarua wa shamba walidumaa: vijana uliowazania kuwa na miaka 14 ao 15, ukiwauliza, walikuwa na 18 ao 19, na miguu yao haikukuwa na nyama. Sisi tuliposoma pale tulisimama kidogo. Sisi wenyewe tuko na miaka 18.

3. KUBISHANA NA BABA

Miaka ile Ulaya ilikuwa mu moto wa mawazo mapya. Mapinduzi ya Ufaransa yalianza mu 1789. Watu wenye elimu walisema kwamba umasikini, vita na magonjwa vitakwisha kama watu watapata serikali nzuri na akili nzuri. Condorcet, Mfaransa, aliandika hivyo wakati alipokuwa anajificha, na akafa mu gereza mu 1794. Ku Uingereza William Godwin aliandika mambo yaliyofanana.

Baba yake Malthus alipenda mawazo hayo. Mtoto alikataa. Walibishana nyumbani, kama baba na kijana wanavyobishana, na mwishowe kijana akaamua kuweka jibu lake ku karatasi. Hivi ndivyo kitabu chake kilitoka, mu 1798, bila jina lake ku jalada. Kilikuwa kitabu kidogo juu ya kanuni ya kuongezeka kwa watu. Alikuwa na miaka 32.

Hesabu yake ni hii. Kama hakuna kizuizi, watu wanaongezeka mara mbili kila miaka 25, sawasawa ilivyoonekana mu Marekani, kwenye ardhi ilikuwa mingi. Lakini chakula kinaongezeka pole pole, kwa kujumlisha tu. Tuiandike kama ku ubao:

Watu: 1, 2, 4, 8, 16, 32
Chakula: 1, 2, 3, 4, 5, 6

Kisha miaka 225, watu wangekuwa 512 na chakula 10. Kisha miaka 300, watu 4096 na chakula 13. Kila mwanafunzi wa hesabu anaona mara moja kwamba mstari wa kwanza utaacha wa pili mbali kabisa.

Lakini tusimsemee ambayo hakusema. Malthus hakutabiri kwamba siku moja watu watakuwa 512 kwa chakula 10. Alijua haiwezekani. Alisema kwamba kila siku, mu kila nchi, kuko kitu kinachozuia. Kuko vizuizi vya kuua: njala, magonjwa na vita. Kuko vizuizi vya mbele, ni kusema watu kuchelewa kuoa na kuzaa wachache. Na alisema kwamba wanaoumizwa na vizuizi ni masikini wakati wote. Hilo ndilo lililomfanya akatae ndoto ya Godwin.

4. SAFARI, KITABU CHA PILI NA UKURASA ULIOONDOLEWA

Kitabu kilileta makelele mengi. Wengine walimsifu, wengine walimtukana kama adui wa masikini. Malthus alifanya jambo ambalo tunapenda kuwaonyesha wadogo wetu: alipopata matata, alitoka kwenda kutafuta habari. Mu 1799 alisafiri ku Norway, Sweden, Finland na Urusi, akiuliza watu wanaoa na miaka ngapi, wanakula nini, watoto wangapi wanakufa. Mu 1802 alienda Ufaransa na Uswisi. Na katikati, mu 1801, Uingereza ilifanya hesabu ya watu kwa mara ya kwanza. Mbele ya hapo wenye elimu walikuwa wanabishana kama watu wa nchi wanapunguka ao wanaongezeka, na hakuna aliyejua! Hesabu ilionyesha karibu milioni 9 mu Uingereza na Wales. Mu 1831 walikuwa karibu milioni 14. Juu ya jambo hili Malthus alikuwa na haki: watu walikuwa wanaongezeka mbio.

Mu 1803 alitoa kitabu cha pili, kikubwa sana kupita cha kwanza, na jina lake likaandikwa. Mule aliongeza dawa yake: kujizuia, ni kusema kijana angojee kuoa mpaka ataweza kulisha jamaa, na mu wakati wa kungojea aishi kwa usafi. Njia za kuzuia mimba mu ndoa alizikataa. Vilevile alitaka shule kwa watoto wa masikini mu nchi nzima. Alizani kwamba mtu aliyefundishwa atafikiri juu ya kesho. Neno hilo la shule wengi walilisahau, sisi tutalirudilia.

Lakini mu kitabu kile kile cha 1803 kulikuwa ukurasa mmoja mgumu. Aliwaza dunia kama karamu. Mtu aliyezaliwa wakati viti vimejaa, ambaye wazazi wake hawawezi kumlisha na hakuna mwenye kuhitaji kazi yake, hakuna sahani iliyowekwa kwa ajili yake. Maumbile yenyewe yanamwamuru aondoke. Na kama wageni wengine wanamhurumia na kusogea, wengine watakuja ku mlango, na karamu yote itaharibika.

Wandugu, sisi tunaohesabu sahani tunajua maana ya maneno yale. Ni hesabu ya kweli kwa jioni moja. Lakini kila mmoja wenu anajua vilevile ginsi tunavyofanya wakati ndugu wa mwenzetu anafika kutoka kijijini usiku na njaa. Tunasogea.

Watu wengi walikasirika. Na Malthus, mu kitabu kilichofuata cha 1806, aliondoa ukurasa ule. Hakuurudisha tena mpaka kufa. Sisi tunaona kwamba ilikuwa tendo jema, kwa sababu ni vigumu mtu mwenye sifa kufuta maneno yake. Lakini maneno yaliyoandikwa hayafutiki mu vichwa vya watu. Adui zake waliyashika kwa kumpiga, na watu wenye roho ngumu waliyashika kwa kufunga mlango.

5. MWALIMU NA BABA WA JAMAA

Mu 1804 alimuoa Harriet Eckersall, alipokuwa na miaka 38. Alifuata mafundisho yake mwenyewe, alingojea. Walizaa watoto watatu, na msichana wao mmoja alikufa angali kijana.

Mu 1805 alianza kufundisha mu koleji ya Kampuni ya India ya Mashariki, iliyokaa kisha ku Haileybury. Pale walifundishwa vijana waliotumwa kutawala India. Alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kupewa kazi ya kufundisha elimu ya uchumi ku Uingereza, na alibaki pale mpaka mwisho wa maisha yake. Wanafunzi walimpa jina la kuchezea, Pop, wakikata neno la Kiingereza lenye maana ya wingi wa watu. Basi kuwapa walimu majina kisirisiri haikuanza ku shule yetu.

Rafiki yake mkubwa alikuwa David Ricardo, mwanauchumi. Hawakupatana karibu juu ya jambo lolote. Malthus alitaka Serikali ilinde ngano ya nchi, Ricardo alitaka ngano ya inje iingie bure. Waliandikiana barua miaka mingi, wakibishana kwa heshima, mpaka Ricardo alipokufa mu 1823, na urafiki haukuvunjika. Mu mabishano yetu ya Jumamosi tungefaa kuwafuata, kwa sababu sisi tukishindwa neno tunahama meza.

Malthus alikufa ghafla mu mwezi wa kumi na mbili wa 1834, ku mji wa Bath, na alizikwa mu kanisa kubwa la mji ule. Alikuwa na miaka 68. Waliomjua walimshuhudia kuwa mtu mpole, asiyekasirika upesi.

6. MAMBO YALIYOFUATA JINA LAKE

Mtu anakufa, hesabu yake inabaki. Mu mwaka ule ule wa 1834 Uingereza ilifanya sheria mpya ya masikini. Mbele, kila parokia ilikuwa inasaidia masikini wake nyumbani. Malthus aliandika kwamba msaada ule unawafanya waoe upesi na kuzaa zaidi. Sheria mpya ilitaka mwenye kuomba msaada aingie mu nyumba ya kazi, na mule waliwatenga bwana na bibi na watoto. Malthus hakuandika sheria hiyo kwa mkono wake, lakini walioiandika walikuwa wamesoma kitabu chake.

Kisha, mu 1845, ugonjwa uliingia mu viazi vya Ireland. Hesabu ya 1841 ilionyesha watu kupita milioni 8 mu kisiwa kile, na masikini walikula viazi karibu peke yake. Mu miaka michache karibu milioni moja walikufa, na wengine karibu milioni moja walihama. Mu 1851 walibaki kama milioni 6 na nusu. Wengi ku London walisema ni wingi wa watu. Lakini mu miaka ile ya njaa meli zilikuwa zinatoka Ireland na nafaka na nyama kwenda kuuzwa Uingereza. Chakula kilikuwako, masikini hawakukuwa na pesa ya kukinunua. Mkubwa wa Serikali aliyesimamia pesa za msaada, Charles Trevelyan, alikuwa amesoma ku Haileybury wakati Malthus alikuwa mwalimu pale. Hapa sisi tunaona hatari. Hesabu inaweza kumfanya mtu aone njaa kama kazi ya maumbile, kumbe ni kazi ya watu.

Tuseme vilevile kwamba kitabu chake kilizaa matunda mu elimu. Charles Darwin alikisoma mu 1838, na Alfred Wallace alikikumbuka miaka ishirini baadaye, na wote wawili walipata mule wazo la kushindania maisha mu viumbe, tunalojifunza mu biolojia.

7. HESABU ILIKOSA WAPI?

Wakati Malthus alipoandika, dunia yote ilikuwa karibu na watu miliari 1. Mu 1927 walikuwa miliari 2, mu 1960 miliari 3, mu 1974 miliari 4, mu 1987 miliari 5, mu 1999 miliari 6, mu 2011 miliari 7, na mu mwezi wa kumi na moja wa 2022 miliari 8. Miaka 225 kisha kitabu cha 1798 ilitimia mu 2023. Watu wameongezeka kama mara nane. Na mtu wa kawaida leo anakula zaidi kupita yule wa wakati wa Malthus, ingawa njaa haijakwisha, na sisi mu Congo tunaijua vizuri.

Mambo gani hakuyaona? Tunahesabu matatu.

La kwanza ni mikono na akili. Alihesabu kinywa cha kila mtoto, lakini mtoto anakuja na mikono miwili na kichwa. Mu 1909 Fritz Haber, Mjerumani, alipata njia ya kutengeneza amonia kwa kutumia hewa, na kwa msaada wa Carl Bosch kiwanda cha kwanza kilianza mu 1913. Kutoka pale mbolea ilipatikana kwa wingi. Kisha Norman Borlaug, Mmarekani, alitengeneza ku Mexico ngano fupi yenye kuzaa sana, ikasaidia India na Pakistan mu miaka ya 1960. Mu 1970 alipewa zawadi ya Nobel ya amani.

La pili ni kifo. Mu 1798, mwaka ule ule wa kitabu cha Malthus, daktari Edward Jenner alitoa kitabu juu ya chanjo ya ndui. Vitabu viwili, mwaka mmoja, inchi moja! Watu waliongezeka sana baadaye hasa kwa sababu watoto hawakufa tena kama mbele: chanjo, maji safi, dawa. Wazazi hawakuanza kuzaa zaidi. Watoto walianza kubaki wazima.

La tatu ndilo kubwa. Malthus alizani kwamba masikini wakipata chakula zaidi watazaa zaidi. Ilikuwa kinyume. Mu nchi kwenye watoto walibaki wazima, kwenye wasichana walisoma, kwenye mama alipata njia ya kupanga uzazi, watu wenyewe walianza kuzaa wachache. Mu miaka ya 1960 mwanamke mu dunia alizaa karibu watoto 5. Leo ni kidogo juu ya 2. Mu inchi yetu ni karibu 6.

8. SERIKALI ZILIFANYA NINI?

Serikali mingi ziliogopa hesabu ya Malthus, na zingine zilitumia nguvu. India ilianza mpango wa uzazi mu 1952, wa kwanza wa Serikali mu dunia. Lakini kati ya 1975 na 1977, wakati wa utawala wa hatari, wanaume kupita milioni 6 walifungwa uzazi mu mwaka mmoja, na wengi walilazimishwa. Watu walikasirika, na Serikali ile ikashindwa mu uchaguzi wa 1977. Mu jimbo la Kerala, kwenye wasichana walisoma kwa wingi na watoto walitunzwa ku dispensere, uzazi ulipunguka mapema kupita majimbo mengi ya India, bila kumfunga mtu.

China ilitoa amri ya mtoto mmoja mu 1980 na kuishika mpaka 2015. Uzazi ulikuwa umekwisha kupunguka sana mu miaka ya 1970, mbele ya amri ile. Kisha wakaruhusu wawili, na mu 2021 watatu. Kutoka 2022 watu wa China wanaanza kupunguka, na sasa Serikali inaomba vijana wazae, lakini vijana hawaharakishi.

Mu mkutano wa Bucharest wa 1974 nchi masikini zilisema maendeleo ndiyo dawa nzuri ya kupanga uzazi. Mu mkutano wa Cairo wa 1994, nchi 179 zilipatana kwamba njia ni afya, haki na masomo ya wanawake, bila kulazimisha mtu.

Na kwetu? Mu miaka ya 1970, wakati inchi iliitwa Zaire, Serikali ilianzisha mpango wa Naissances Désirables, ni kusema mtoto azaliwe wakati wazazi wanamtaka na wako tayari kumtunza. Hesabu kamili ya watu ya mwisho ilifanywa mu 1984, na tulikuwa karibu milioni 30. Leo Umoja wa Mataifa unakadirisha kupita milioni 100. Uingereza ya Malthus ilianza kujihesabu mu 1801 na kurudilia kila miaka kumi. Inchi isiyojihesabu haiwezi kujua ijenge shule ngapi.

9. MAFUNDISHO KWETU

Tulianza na swali: nani anapashwa kuondoka ku meza? Malthus, mu 1803, alikuwa na jibu, na mu 1806 alilifuta. Sisi tunazani alilifuta sababu swali lenyewe lilikuwa baya. Mu maisha yake tunachukua bidii yake ya kuhesabu, safari zake za kutafuta ukweli, urafiki wake na yule asiyepatana naye. Na tunachukua neno lake la shule, ambalo yeye hakulifuata mpaka mwisho wake. Alitaka shule kwa masikini. Hakujua kwamba ndani ya shule ile, msichana ndiye angegeuza hesabu yake yote.

Kwa hiyo tunaungama. Siku ile wazazi walipohesabu minerval nyumbani, sisi tulinyamaza, kwa sababu hesabu ilitupendeza. Yule aliyeondolewa ku meza ni dada yetu, ni kusema mtu ambaye masomo yake yangesaidia watoto wake na wajukuu. Sasa yuko ku soko pamoja na Mama, anauza samaki kavu, na ku pesa ile iko sehemu ya minerval yetu. Tumeongea na Baba mu likizo. Amekubali kwamba tukimaliza mwaka huu, yeye atarudi ku darasa la tatu, na sisi tutafanya kazi kwa kumlipia. Atakuwa mkubwa kupita wenzake mu darasa. Wadogo wetu, kama mtamuona, msimcheke. Mumsogelee nafasi.



Kapita wa wanafunzi, darasa la sita